Banda la Mfano

Malkia alitupa mimba Jumatatu asubuhi, gari la maziwa likiwa bado halijapita. Mama Pacha alimkuta amejibana kwenye kona ya banda, mgongo umepinda, na nyuma yake, juu ya sakafu ya saruji, kalala ndama wa mimba ya miezi saba hivi. Hana uhai, manyoya yamelowa na kumganda mwilini. Mama Pacha hakupiga kelele. Aliweka ndoo ya kukamulia chini, akapandisha mikono ya gauni, akamwita mumewe.

Mumewe alikuja akasimama mlangoni. Hakuvuka kizingiti. Alikuwa amevaa viatu vyeusi, vimepigwa rangi hadi vinang'aa. Mtaa mzima ulimwita Mtaalamu, tena kwa heshima. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji, mwenye vyeti tisa vya semina vilivyotundikwa sebuleni kwa mstari mmoja, na ng'ombe watano ambao kikundi kiliwaita banda la mfano. Kukamua hakujua. Kukamua hakukuwa na cheti, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Kondo la nyuma halijatoka," alisema.

"Naona. Niletee glavu."

"Glavu zipi?"

"Zile za boksi. Kabatini, chini ya redio."

"Zile za wageni wa Jumamosi? Watu ishirini wanakuja kujifunza hapa, boksi ni moja. Nikianza kuzitoa leo, Jumamosi nitawavalisha nini, soksi?"

"Jozi moja tu, baba Pacha."

"Utanawa kwa sabuni. Miaka yote unanawa kwa sabuni, ulishakufa?" Aliangalia saa. "Livute litoke, lisije likaozea tumboni. Halafu fukia hivyo vitu, chimba chini hasa, mbwa wasifukue. Na usafishe vizuri, harufu isibaki."

Mama Pacha alivuta. Lilichukua muda, likikatika vipande vipande, na mikono yake ikaloa hadi juu ya viwiko. Kidole gumba kilikuwa na mkwaruzo wa panga la kukatia majani. Ulimchoma, akasema moyoni kwamba ni chumvi ya jasho. Malkia aligeuza shingo akamlamba begani kama vile yeye ndiye ndama aliyezaliwa.

Mchana alikuja daktari wa mifugo. Mtaalamu ndiye aliyempigia simu, maana hakutaka wageni wakute ng'ombe anayetokwa na uchafu. Daktari alikuwa msichana mwembamba mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Aliwatoa damu ng'ombe wote watano, akaandika namba kwenye vichupa, kisha akauliza:

"Kondo alilitoa nani?"

"Mimi," alisema Mama Pacha.

"Kwa mkono mtupu? Mama, kondo halivutwi. Unaniita mimi. Na mimba iliyotupwa haishikwi hivyo kabisa."

Mtaalamu alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Binti yangu, ndiyo nawaambia kila siku. Nasema hadi sauti inakauka. Ila mtu na mazoea yake."

Mama Pacha aliokota ndoo akaenda kuisugua.

*

Majibu yalikuja Jumatano. Daktari aliyaleta mwenyewe, akakataa kiti, akayasema amesimama. Malkia ana ugonjwa wa kutupa mimba. Wanne wengine wako salama kwa sasa, watapimwa tena baada ya wiki tatu. Malkia atengwe leo. Maziwa yake yasinywewe wala yasipelekwe kituoni. Asiuzwe, asitoke getini. Jumatatu atarudi na barua na gari, ng'ombe apelekwe kuchinjwa kwa utaratibu wa serikali.

"Na watu je?" aliuliza Mama Pacha.

"Watu unawapata. Unaanza na homa inayokwenda na kurudi, jasho jingi, viungo vinauma kama umepigwa. Wewe ukisikia hata mafua, nenda hospitali, sema ulishika nini. Na mwanamke mwenye mimba asimsogelee kabisa huyu ng'ombe, wala maziwa yake. Anaweza kupoteza mtoto."

"Tumekusikia," alisema Mtaalamu. "Ila, binti yangu, si ungeandika tarehe ya Jumatatu ijayo kwenye hayo majibu? Nina wageni Jumamosi. Banda la mfano likitajwa kwa ugonjwa, si aibu yangu peke yangu, ni ya wilaya nzima."

"Tarehe ni ya leo, mzee. Ila sina sababu ya kupita mtaani nikitangaza. Mtenge tu."

Alipoondoka, Mtaalamu alikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati. Alikaa kitambo akitazama banda. Kisha akachukua simu, akampigia shemeji yake.

Shemeji huyo alikuwa mdogo wake Mama Pacha, aliyemfuata tumbo moja. Alikuwa fundi wa baiskeli, na watu walimwita Fundi hata nyumbani kwake. Tangu aoe alikuwa akiota ng'ombe mmoja wa maziwa. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi sita, ya kwanza baada ya miaka minne ya kuulizwa maswali na watu, na Fundi alijiapiza kwamba mtoto huyo hatakunywa maziwa ya kupimiwa dukani.

Alifika jioni ile na mafuta ya mnyororo bado kwenye kucha. Mtaalamu alimkalisha chini ya vyeti.

"Shemeji, umeniomba ng'ombe mara ngapi?"

"Nimeacha kuhesabu, shemeji."

"Leo nakupa Malkia."

Fundi alicheka, akidhani anataniwa. Alipoona uso wa mwenzake haujabadilika, akasogea ukingoni mwa kiti. "Malkia huyu huyu?"

"Juzi ndama kamfia tumboni, ajali tu, aliteleza. Lakini maziwa yameshuka. Nina watano, nataka kubaki na wanne niwalishe vizuri. Mtu baki angenipa mara mbili ya bei nitakayokutajia. Lakini mtoto wa dada yako na mtoto wako wewe wana tofauti gani?"

Mama Pacha alikuwa ameingia na sinia ya chai. Vikombe viligongana. Mtaalamu hakumtazama, aliinua tu kidole kuonyesha pa kuweka.

"Dada, umesikia?" Fundi alisema, macho yanamng'aa. "Nipe hata neno moja. Wewe ndiye unayewajua. Nimchukue?"

Mama Pacha alikoroga sukari kwenye kikombe cha mdogo wake.

"Dada yako ana lipi la kusema?" Mtaalamu alijibu kwa niaba yake. "Analia kwa kuachana na kipenzi chake. Mama Pacha, jikoni kunaungua."

Jikoni hakukuwa na kinachoungua. Mumewe alimfuata huko, akasimama karibu sana naye, akazungumza kwa sauti ya upole kama anayemwelekeza mtu njia.

"Jumatatu watamchukua bure, wamchinje, na banda lifungwe. Hiyo unaitaka? Ukifungua mdomo, utatoka humu na nguo ulizovaa, ukalale kwenye gereji ya huyo mdogo wako. Pacha watabaki hapa. Unajua watabaki. Hakuna atakayempa mwanamke asiye na paa watoto wawili wa kike."

"Mkewe ana mimba."

"Wanawake wangapi wana mimba na wanafuga? Mwambie achemshe maziwa. Basi."

Mtaalamu aliporudi sebuleni, Fundi alikuwa ameshatoa bahasha. Zilikuwa fedha za kujengea chumba cha mtoto. Mtaalamu hakuzihesabu, alisema kati ya ndugu hakuna kuhesabiana.

*

Alhamisi, Mtaalamu alikwenda kwenye kikao cha wilaya akasaini jina lake kwenye daftari la mahudhurio. Kumpeleka Malkia kulibaki kwa mkewe, kwa kuwa Malkia hakukubali kamba ya mtu mwingine.

Njia ya kwenda kwa Fundi ilipita mbele ya kituo cha maziwa, mbele ya maduka, mbele ya mashine ya kusaga. Watu walimsalimu. "Mama Pacha, unamtembeza bibi harusi?" Akaitikia. Malkia alitembea taratibu, kila hatua chache akimsukuma mgongoni kwa pua.

Wifi yake alikuwa getini, ameshika kiuno kwa mikono miwili, tumbo limetangulia. Alipiga kigelegele, kisha akaziba mdomo kwa aibu.

"Wifi, mimi sijui hata wanasimama upande gani. Utanifundisha."

"Upande wa kulia," alisema Mama Pacha. "Wewe usimkamue. Mwache mumeo akamue. Wewe usimsogelee, ana teke."

"Malkia huyu? Mbona mpole?"

"Ana teke. Na maziwa chemsheni. Yachemke, yapande, uyashushe, yapande tena."

"Haya, daktari!" Wifi alicheka, akamkumbatia kwa ubavu kwa sababu mbele hapakuwezekana.

Mama Pacha alifunga kamba kwenye nguzo. Alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

*

Jumamosi wageni walikuja ishirini na watatu, wengine wakashindwa kupata glavu. Mtaalamu alisimama katikati ya banda na fimbo ya kuelekezea, sauti yake imetulia na kujaa. Kwa kweli alijua kusema. Alisema ng'ombe wa maziwa ni maji kwanza, majani baadaye, kwamba anayempa ndoo mbili kwa siku asilaumu kiwele. Alisema majani ya tembo yakatwe yakifika kiunoni, si yakishapita kichwa na kuwa kuni. Alisema kila ng'ombe awe na daftari lake, siku aliyopandwa, siku atakayozaa, na kwamba anayetegemea kichwa atasahau. Wageni waliandika.

Mama Pacha alikuwa amechuchumaa akikamua ili waone. Tangu asubuhi alisikia baridi mgongoni, ingawa jua lilikuwa kali. Magoti yalimuuma.

Bibi mmoja mwenye kofia ya sufu alikuwa ametazama mikono yake muda mrefu. "Yule mwenye madoa," alisema, "kwa nini mnamkamua wa mwisho?"

Mtaalamu alikohoa. "Huo ni utaratibu wa banda."

"Aliwahi kuugua kiwele," alisema Mama Pacha bila kuinua kichwa. "Ukianza naye, mikono inawapelekea wenzake. Kwanza wazima, mwisho yeye."

"Mnaona?" Mtaalamu alicheka. "Ukimfundisha mtu kila siku, mwisho anashika." Wageni wakacheka naye. Bibi wa kofia hakucheka.

"Na ile nafasi tupu pale?" aliuliza mwingine.

Mtaalamu aligeuka, akanyoosha fimbo. "Swali zuri. Ile ni nafasi ya mgonjwa. Banda lolote la maana linayo. Ng'ombe akiugua, unamtenga siku hiyo hiyo, unamwita daktari, humfichi, humuuzi kwa jirani. Anayemuuza ng'ombe mgonjwa anauza ugonjwa. Andikeni hiyo."

Waliandika. Mama Pacha aliangalia kalamu zikikimbia juu ya madaftari, na maziwa yakaenda pembeni ya ndoo, yakamwagika kwenye mguu wake.

*

Jumapili, baada ya kukamua, alijifunga kanga mbili kwa ajili ya baridi iliyokuwa ndani yake peke yake, akaenda kwa Fundi. Hakuwa ameamua kwamba atasema. Njiani alijiambia anakwenda kuangalia tu kama maziwa yanachemshwa.

Alimkuta wifi yake bandani, ameketi kwenye kigoda, shavu limelala kwenye ubavu wa Malkia, anakamua. Pembeni yake palikuwa na kikombe cha bati chenye povu. Wifi aliinua kichwa, ana masharubu meupe ya maziwa.

"Wifi, ulinidanganya! Hana teke hata kidogo. Yaani huyu ni mtoto." Akanyanyua kikombe. "Jirani kaniambia ya moto moto kutoka kwenye chuchu ndiyo yanamjaza mtoto mifupa."

Mama Pacha alikipiga kile kikombe kwa kiganja kikaruka. Hakujua kwamba mkono wake ungefanya hivyo. Wifi alipiga ukelele, Fundi akatoka ndani na shati mkononi.

Akawaambia. Aliwaambia yote, glavu, karatasi, Jumatatu ya daktari. Aliposema maneno ya daktari kuhusu mwanamke mwenye mimba, wifi yake aliinuka kwenye kigoda polepole, akaenda kusimama ukutani, mbali na ng'ombe, mikono imeshika tumbo.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza Fundi.

"Jumatano."

"Kabla ya chai au baada ya chai?"

"Kabla."

"Nilikuuliza. Nilikutazama usoni nikakuuliza, dada, nimchukue?"

"Aliniambia atanitoa, na watoto..."

"Watoto wako." Fundi alisema hivyo tu. Alikwenda kwenye nguzo, akafungua kamba, akamtupia miguuni. "Mchukue. Uliyemleta ni wewe, utakayemrudisha ni wewe. Na hapa usikanyage."

"Mpeleke mkeo hospitali. Leo. Sema..."

"Nitasema dada yangu kanipa ng'ombe!"

Akarudi na Malkia kupita mashine ya kusaga, maduka, kituo cha maziwa. Watu walewale walikuwa pale pale. "Bibi harusi kakataliwa?" mmoja aliuliza, na wenzake wakaangua kicheko.

*

Jumatatu daktari alimkuta ng'ombe bandani, akamchukua. Mtaalamu alimsaidia kumpandisha kwenye gari, akasaini barua, akampa daktari mkono. Jumanne Mama Pacha alishindwa kuinuka. Hospitali walimpima, wakampa dawa za wiki sita, wakamuonya asikatishe. Aliendelea kukamua kati ya homa na homa, kwa glavu alizonunua mwenyewe, kwa kuwa ng'ombe hawana likizo.

Wifi yake naye alipewa dawa. Alizinywa zote kwa saa yake. Wiki ya tatu alianza kutokwa na damu sokoni, mbele ya meza ya nyanya, na mtoto akatoka usiku ule ule akiwa hapumui. Alikuwa wa kiume. Daktari wa hospitali alisema huenda ni ugonjwa wa ng'ombe, huenda ni jambo jingine, mimba zilizochelewa zina mambo yake. Fundi alimwomba aseme moja. Daktari alisema hawezi kusema moja.

Mama Pacha alikwenda kuhani. Mlango ulifunguliwa na mwanamke asiyemjua, akamtazama, akaufunga bila kuubamiza.

Mtaa ulisema moja. Kufika katikati ya wiki hakuna aliyetaka kununua maziwa ya kikundi, na wanachama wakadai mkutano.

*

Mkutano ulifanyika Jumamosi kwenye ghala la kituo cha maziwa, watu wamekaa juu ya madumu yaliyopinduliwa. Mtaalamu aliingia na pacha wake wawili, wasichana wa miaka kumi na miwili, nguo zimepigwa pasi. Aliwakalisha kushoto na kulia kwake. Mama Pacha hakuambiwa akae wapi, akabaki karibu na mlango.

Daktari wa mifugo alisema alichokijua, kwamba alitoa agizo Jumatano, ng'ombe asitoke. Jumatatu alimkuta ndani.

"Ni kweli," alisema Mtaalamu. Alisimama. Macho yake yalikuwa mekundu, na pengine alikuwa amelia kweli. "Aliniagiza, nami nikamwagiza mke wangu. Alhamisi nilikuwa wilayani, daftari lipo, sahihi ipo. Nyuma yangu ng'ombe akatoka. Ndugu zangu, mnataka niseme nini? Nimewafundisheni miaka kumi na moja. Nyumbani kwangu mwenyewe nimeshindwa."

Minong'ono ilizunguka ghala. Mwenye mashine ya kusaga alisimama. "Mimi nilimwona kwa macho yangu. Alhamisi kampeleka, Jumapili kamrudisha. Hadi nikamtania."

"Si hivyo!" Mama Pacha alisema. Sauti ilitoka ndogo kuliko alivyokusudia. "Yeye ndiye aliyemuuza. Mdogo wangu yupo hapa. Muulizeni. Muulizeni alimpa nani bahasha."

Watu wote waligeuka. Fundi alikuwa ameketi nyuma, kwenye dumu la mwisho, amekonda, kofia mapajani. Alisimama kwa shida kama mzee.

"Fundi," alisema katibu, "ng'ombe alikujaje kwako?"

Fundi aliangalia kofia yake. Aliizungusha mara moja, mara ya pili.

"Dada ndiye aliyemleta," alisema.

"Shemeji yako alikuwepo?"

"Hakuwepo. Alimleta dada, peke yake, na kamba. Akatuambia tuchemshe maziwa." Akaishika kofia kwa mikono miwili. "Alikuwa anajua."

Akakaa. Hapakuwa na neno moja la uongo katika aliyoyasema, na Mama Pacha alilitafuta.

Binti mmoja kati ya wale pacha alimtazama mama yake, kisha akaangalia chini, akaanza kufungua na kufunga kifungo cha gauni.

Kikundi kiliamua. Mama Pacha asiguse maziwa wala vyombo hadi apone na karatasi ya hospitali ioneshe. Jina lake lifutwe. Mwenyekiti abaki, kwa kuwa hakuwa na kosa zaidi ya kuoa. Hapo watu walicheka kidogo, wakashukuru kupata pa kucheka. Mwisho katibu akasema aombe radhi mbele ya nduguye.

Angeweza kukataa. Alimtazama Fundi, ambaye hakuinua uso, akaona kwamba analo jambo la kumwomba radhi, lake hasa, na hatapata siku nyingine mtu huyu akiwa amelazimika kukaa na kumsikiliza.

"Nilijua," alisema. "Nilijua, na uliniuliza, nikanyamaza. Mtoto wako... Nisamehe, mdogo wangu."

"Mmesikia kwa kinywa chake," alisema katibu, akaandika.

*

Asubuhi ya Jumapili Mtaalamu aliingia jikoni akijifunga saa.

"Mtamba mwekundu mtoe nje. Mdogo wako anakuja kumchukua."

Mama Pacha aliacha kuosha vyombo. "Kwa nini?"

"Hela zake zilishatumika. Nilimpitia Ijumaa gerejini, tukaelewana kiume. Ampate mtamba, mambo yaishe." Alichukua kipande cha mkate mezani. "Tena mweleze namna ya kumtunza. Mimi nina kikao."

Kwa hiyo ilikuwa Ijumaa, siku moja kabla ya mkutano. Mama Pacha alijikausha mikono, akaenda bandani. Mtamba mwekundu, ambaye hajazaa hata mara moja, ndiye aliyekuwa bora kuliko wote, alimlea kwa chupa, na mumewe asingejua kumchagua, ila labda alisikia wageni wakimsifu.

Fundi alifika na kamba mpya. Walisimama getini, mtamba katikati yao.

"Ana mimba ya miezi minne," alisema Mama Pacha. "Tarehe nimekuandikia hapa. Miezi miwili ya mwisho mwongezee chakula, lakini pumba usizidishe, atanenepa na kuzaa kwa taabu. Maji yasikauke kwenye pipa, hata siku moja. Mzoeze kuguswa kiwele kuanzia sasa, kila siku kidogo, ili akizaa asishtuke. Sakafu iwe kavu. Jiwe la chumvi lining'inie, asililambe chini. Akianza kuhangaika, kulala na kuamka, mwite daktari, usingoje. Namba yake iko nyuma ya karatasi."

Fundi alipokea karatasi bila kugusa vidole vya dada yake.

"Wifi anaendeleaje?"

"Kaenda kwa mama yake. Kasema harudi kwenye nyumba yenye ng'ombe."

"Sasa huyu wa nini?"

"Hela yangu, dada. Nimwachie nani?" Lilikuwa neno lake la kwanza la ukali siku ile, na lilimchosha. Alitazama macho ya mtamba, masikio, kwato. "Kapimwa?"

"Mara mbili. Mzima kabisa."

"Nani anasema?"

"Mimi nasema. Nilikuwepo akipimwa."

"Wewe."

"Karatasi ziko kwa shemeji yako, kwenye droo."

"Kwa shemeji," alisema Fundi. Akaipitisha kamba shingoni mwa mtamba na kukaza fundo, tena na tena, kama anayefunga mzigo. "Sasa mimi nitajuaje?"

Mama Pacha alifungua mdomo. Alitafuta kitu cha kumwapia, wazazi wao, pacha, mtoto aliyezikwa, na kila alichokishika akakiacha.

Fundi hakungoja zaidi. Alivuta kamba. Mtamba aligoma, akapiga kwato chini, akamgeuzia shingo Mama Pacha. Fundi akavuta tena, akajikita kwa miguu yote miwili, mnyama hakusogea.

"Msukume," alisema, ametazama barabarani.

Mama Pacha aliweka viganja viwili kwenye mapaja ya mtamba, akaegemeza bega, akamsukuma hadi nje ya geti. Kisha akarudi ndani kuondoa kinyesi, maana gari la maziwa lilikuwa karibu kupita.